Waliokwenda Dirishani

Mlinzi aliyesimama kwenye kizuizi cha nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi hakuwa na bunduki. Alikuwa na sare, redio ya mkononi na maagizo mepesi: gari lisilo na ruhusa halipiti. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori dogo aina ya Toyota Dyna lilijitokeza upande huo. Lilicheleweshwa kidogo, kwa kuwa gari jingine lilikuwa likipanda kutoka maegesho ya chini ya jumba la Cooperative, na lori likalazimika kurudi nyuma kulipisha. Likasogea tena hadi kizuizini. Kijana mmoja akaruka nje, akamwamuru mlinzi afungue. Mlinzi akakataa. Akarushiwa gruneti la kishindo, naye akatimua mbio huku akihangaika na redio yake awaonye walio ndani. Aliyebaki kwenye lori akatoa bastola, akaanza kuyapiga risasi madirisha ya ubalozi.

Kati ya kishindo hicho kidogo na kile kikubwa zilipita sekunde chache. Mengi yameandikwa juu ya waliolileta lori, walikotoka na aliyewatuma. Mimi nazirudia sekunde hizo, kwa sababu ndani yake watu wa Nairobi walifanya jambo ambalo wangelifanya siku nyingine yoyote.

Waliinuka wakaenda dirishani.

Anayeujua mji huu hashangai. Mwizi akikamatwa Tom Mboya Street, lori likipinduka Uthiru, mhubiri akipanda juu ya debe saa saba mchana, duara la watu hufungika kabla hujamaliza kuuliza kuna nini. Mtu wa Nairobi akisikia mlio hajifichi chini ya meza. Huenda kuona, kisha hurudi kusimulia. Na milio haikuwa migeni. Miaka ile ya tisini majambazi walivamia benki mchana kweupe, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wakati wa maandamano ya Saba Saba, katikati ya jiji kulinuka gesi ya kutoa machozi. Mlio wa bastola ulikuwa habari, na habari huangaliwa.

Hata wakubwa waliinuka. Balozi wa Marekani, Prudence Bushnell, hakuwa ofisini mwake asubuhi ile. Alikuwa juu katika jumba la Cooperative, mlango wa pili na ubalozi, akikutana na Waziri wa Biashara, Joseph Kamotho. Baadaye alieleza kuwa waliposikia kishindo cha kwanza aliuliza kama kuna ujenzi karibu. Karibu wote mle chumbani walinyanyuka kwenda dirishani. Yeye alikuwa wa mwisho kuinuka, na hakuwa amepiga hatua nyingi. Aliishi.

Ilikuwa muda mfupi baada ya saa nne na nusu. Ofisini ni saa ya chai.

Bomu lilipasukia kwenye kiwanja chembamba kati ya majengo matatu. Ubalozi wenyewe, uliokuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ulikuwa wa zege nene. Ulichanwa na kuvurugwa ndani lakini ukabaki wima. Jumba la Cooperative, lenye ghorofa zaidi ya 20, lilibaki kiunzi, mapazia yakipepea nje kupitia matundu ya madirisha, karatasi za ofisi zikishuka polepole juu ya magari yanayowaka. Katikati ya hayo mawili lilikuwapo Ufundi House, jengo dogo zaidi, la kawaida kabisa, lenye ofisi na chuo cha makatibu ambako wasichana walikuwa wakijifunza kupiga taipu. Hilo lilianguka lote. Kule barabarani, basi lililojaa abiria lilikuwa limefika mahali hapo wakati huohuo.

Kioo kilichopigwa jiwe huanguka chini, lakini kilichosukumwa na mlipuko husafiri. Mitaa kadhaa kutoka pale, watu ambao hawakuona lori wala ubalozi walikatwa nyuso wakiwa wamesimama madirishani mwao. Nairobi ilipoteza watu 213 siku ile. Kumi na wawili walikuwa Wamarekani, na waliosalia karibu wote walikuwa Wakenya: wafanyakazi wa ubalozi, makarani, wanafunzi, wachuuzi, wapita njia. Waliojeruhiwa walikaribia 5,000. Kati ya hao, makumi walipoteza macho, na wengi wao walikuwa wamesimama wakitazama.

Dakika za kwanza hakuna aliyejua ni nini, na kila mtu alitafsiri kwa kumbukumbu aliyokuwa nayo. Waliokuwa karibu na stesheni ya reli walidhani ni tangi la mafuta. Wengine walisema transfoma, wengine benki imevunjwa kwa baruti. Wazee walihesabu mwezi: Agosti. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kupindua serikali, na mlio mkubwa katikati ya jiji mwezi wa Agosti haukuhitaji maelezo mengine vichwani mwa waliozikumbuka siku zile. Wachache walikumbuka mambo ya zamani zaidi: basi la OTC lililolipuliwa Machi 1975 na kuua watu 27, na hoteli ya Norfolk usiku wa kuamkia mwaka 1981. Mji haukuwa bikira wa mabomu. Ila hakuna lililowahi kuufikia ukubwa huu, na hakuna lililowahi kuwa na sababu ya mbali namna hii. Tarehe 7 Agosti ilikuwa imetimiza miaka minane tangu Marekani ipeleke majeshi yake Saudi Arabia, jambo lililowakera waliolituma lori lile. Muuza njugu wa Haile Selassie Avenue alihusika nini na hilo?

Baada ya moshi kupanda, tabia ileile iliyowapeleka watu madirishani iliwapeleka maelfu pale chini. Polisi wa nchi nyingi wangeiita kasoro: umati unakimbilia mlipuko badala ya kuukimbia, na huenda kuna bomu la pili. Lakini Nairobi ya mwaka 1998 haikuwa na mtu mwingine wa kutuma. Ofisi ya serikali ya kushughulikia maafa ilikuwa imeanzishwa Januari mwaka huohuo, baada ya mvua za El Niño, na ilikuwa bado changa. Kituo cha zimamoto kilikuwa Tom Mboya Street, karibu kabisa, lakini wazimamoto wachache wenye magari machakavu wangefanya nini mbele ya jumba zima lililolala chini? Ambulensi zilihesabika. Kwa hiyo saa ya kwanza ilikuwa ya waliokwenda kutazama.

Walikuja na vilivyokuwa mikononi. Makanga walipakua abiria wao wazima, wakapakia majeruhi. Matatu zilizokuwa zikigombania nafasi dakika kumi zilizopita ziligeuka za wagonjwa, taa zikiwaka mchana, kondakta akining'inia mlangoni akipiga bodi kwa kiganja kama kawaida, ila safari hii akipiga kelele watu wapishe. Pikapu za mboga, magari ya kampuni, mabasi ya abiria, yote yalielekea Hospitali ya Kenyatta. Mtu alibebwa kwa mlango uliong'oka, kwa pazia, kwa ubao wa meza, au kwa koti lililoshikwa pembe nne na watu wanne wasiojuana majina. Mashati yalichanwa kuwa bandeji. Waliotoka ndani ya majengo walikuwa weupe wote kwa vumbi la saruji, damu ikichora mistari juu yake, na wengine hawakujua wameumia mpaka mtu alipowaonyesha.

Msaada ule ulikuwa na gharama yake. Ukiwa na matatu na majeruhi, hupimi nani aende kwanza. Anayeweza kutembea ndiye anayelifikia gari, na ndiye anayefika hospitali mapema. Aliyevunjika uti wa mgongo huinuliwa kwa mabega na miguu kama gunia la viazi. Madaktari waliofanya kazi siku ile walieleza baadaye jinsi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilivyojaa ghafla, korido hadi nje, wenye michubuko wakichanganyika na wanaokata roho, huku hospitali nyingine za mjini zikipokea wachache mwanzoni kwa sababu tu kila dereva alijua njia moja. Nani atamlaumu dereva? Alikuwa amefunzwa kuendesha Kawangware kwenda mjini.

Damu nayo ina kisa chake. Hadi siku ile, damu nchini Kenya ilikuwa shughuli ya ukoo. Mgonjwa akihitaji, hospitali huwaambia jamaa zake walete mtu wa kutoa, na binamu hupandishwa gari kutoka mashambani akatoe. Hapakuwa na huduma ya kitaifa ya kukusanya na kuhifadhi. Ijumaa ile foleni za watu wasio na jamaa yeyote wodini zilianza kujipanga: wafanyakazi wa ofisi waliofungiwa milango, wanafunzi wa vyuo, akina mama waliotoka sokoni. Walikunja mikono ya nguo wakangoja. Mtu aliyeumia hakuwa wa kwao, na hawakuuliza ni wa wapi, katika nchi ambayo miezi saba tu kabla ya hapo ilikuwa imepiga kura na kuhesabiana makabila kituo kwa kituo.

Tatizo likawa damu ni nyingi kwa wakati mmoja kuliko uwezo wa kuipima na kuiweka. Ndipo wakuu wa afya walipoona wazi kinachokosekana. Huduma ya kitaifa ya damu iliyoundwa miaka michache baadaye, kwa msaada wa Wamarekani, ni mtoto wa siku ile.

Pale kwenye kifusi cha Ufundi House kazi ilikuwa ya aina nyingine. Matatu haiwezi kuinua zege. Vijana walipanga mstari, jiwe likitoka mkono kwa mkono hadi barabarani, wengine wakitumia mitaimbo, sululu, hata misumeno ya chuma. Makampuni ya ujenzi yalileta kreni na tingatinga. Usiku ulipoingia taa ziliwashwa, na wakazi wakaleta mikate, chai kwenye madumu, maji, blanketi. Wengi wa wachimbaji hawakuwahi kuchimba kaburi, sembuse kumtafuta mtu aliye hai chini ya ghorofa kadhaa. Walipanda juu ya rundo kwa wingi mno, na rundo lenyewe lilikuwa likitulia chini ya miguu yao. Utaalamu ulikuwa ukiwapungukia, lakini hakuna aliyekuwa tayari kushuka.

Jumamosi wakaja waokoaji wa jeshi la Israeli, kabla ya wale wa Marekani ambao ndege yao ilichelewa njiani. Walikuja na mbwa na vyombo vya kusikilizia, na mara kwa mara waliomba kitu kimoja ambacho ni vigumu kukipata Nairobi: kimya. Jenereta zilizimwa. Tingatinga zikasimama. Umati uliokuwa umezunguka kamba uliambiwa unyamaze, nao ukanyamaza. Jiji linalouza viatu kwa kupiga makelele likakaa bila kukohoa, likisikiliza kama kuna anayegonga.

Alikuwapo anayegonga. Mwanamume mmoja alitolewa akiwa hai baada ya kukaa chini zaidi ya siku nzima, na alisema kuna mwanamke karibu naye, kwamba walikuwa wakizungumza gizani, wakipeana moyo. Waokoaji walimsikia. Redio na televisheni zikachukua habari yake, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa inauliza jambo moja, majumbani, ofisini, kwenye matatu: ametolewa? Watu ambao hawakuwahi kumwona walimwombea kwa jina makanisani. Siku ya tano walimfikia. Alikuwa amekwisha fariki. Nimewahi kusikia watu wazima wakisema kuwa hesabu ya maiti hawaikumbuki vizuri, ila wanakumbuka walikuwa wapi waliposikia kwamba yule mama hakupatikana mzima.

Nimesema juu ya Nairobi tu, na haki haijatendeka, maana Dar es Salaam ilipigwa dakika chache baadaye asubuhi ileile. Huko ubalozi ulikuwa Oysterbay, mahali penye miti, kuta ndefu na wapita njia wachache. Bomu lilikuwa ndani ya lori la aina ya jokofu, limeandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala. Lilipofika langoni, mbele yake lilikuwapo gari la maji la ubalozi. Gari hilo lilipokea sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko na kurushwa kama kopo. Waliokufa walikuwa 11, wengi wao walinzi na wafanyakazi wa kawaida, hakuna Mmarekani hata mmoja, na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 80. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Dar haikuwa na Ufundi House, kwa hiyo haikuwa na siku tano za kusikiliza kifusi, na pengine ndiyo maana dunia iliisahau mapema. Kwa familia za walinzi wale hesabu hiyo haina maana yoyote.

Turudi Nairobi. Simu za mkononi mwaka 1998 zilikuwa za matajiri. Mtu ambaye mumewe hakurudi nyumbani Ijumaa jioni hakuwa na namba ya kupiga. Alivaa viatu akaanza mzunguko: Kenyatta, Aga Khan, Mater, MP Shah, Nairobi Hospital, akisoma majina yaliyobandikwa ukutani kwa kalamu, mengine yakiwa na makosa ya tahajia yanayoweza kumpotezea mtu saa nzima. Akikosa, mzunguko wa pili ulikuwa wa mochari. Huko mtu alitambuliwa kwa soksi, kwa mshipi, kwa pete, kwa kiraka alichokishona mkewe mwenyewe. Jumamosi zilizofuata barabara za kuelekea Murang'a, Machakos, Kakamega na Kisumu zilikuwa na misafara yenye vitambaa vyekundu vilivyofungwa kwenye vioo vya pembeni, na vikao vya mchango wa mazishi vilifanyika hoteli moja jioni moja kwa marehemu watatu au wanne, kila kundi kona yake.

(Katika MP Shah, siku zilezile, alitibiwa mtu mmoja mwenye majeraha ya mgongoni. Ni yule kijana aliyemtupia mlinzi gruneti kisha akakimbia. Alikamatwa siku chache baadaye. Alikuwa ametibiwa hospitali moja na watu aliowalipua.)

Hasira ilikuja, lakini haikuwa na pa kwenda. Methali ya tembo na nyasi ilisemwa redioni, bungeni na mimbarini hadi ikachosha. Wakenya waliokuwa kwenye kifusi walilalamika kwamba wanajeshi wa Marekani waliuzingira ubalozi kwa silaha na kuwazuia wananchi wasikaribie, kana kwamba wanaokuja kusaidia ni wezi. Wamarekani nao walikuwa mle ndani wakiwachimbua wenzao, Wakenya kwa Wamarekani: wafanyakazi 44 wa ubalozi walikufa, na 32 kati yao hawakuwa Wamarekani. Kila upande ulikuwa na sababu. Malalamiko yale hata hivyo hayakufutika, na Bushnell, ambaye kabla ya shambulio alikuwa ameiandikia Washington kwamba jengo lake liko hatarini, alitumia sehemu kubwa ya muda wake uliobaki Kenya akiyajibu.

Palikuwa pia na hasira ya aina nyingine, ya chini chini. Mmoja wa waliohukumiwa aliwahi kuishi Witu na kufanya biashara ya samaki Mombasa. Mwingine, Mzanzibari, ndiye aliyekodi nyumba ya Ilala. Walikuwa wamekaa kati ya watu wa Pwani, wakanunua, wakauza, wakaswali msikiti mmoja na wengine. Viongozi wa Waislamu walilaani shambulio mapema na waziwazi, lakini Septemba serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu, na kwa mtu wa Pwani aliyejikuta akihojiwa kwa sababu ya ndevu na jina, bomu la Nairobi lilikuwa limemfikia kwa njia nyingine. Mlango uliofunguliwa mwaka ule haujafungwa hadi leo.

Kesi ilisikilizwa New York. Wanne walitiwa hatiani Mei 2001, na walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo, katika mahakama iliyo mitaa michache tu kutoka kwenye kifusi cha World Trade Center kilichokuwa bado kinafuka. Baadhi ya Wakenya waliopona walikuwa wamekwenda huko kutoa ushahidi. Hukumu zilipotolewa, Wamarekani wa mjini humo walikuwa wameshafanya mambo ambayo Nairobi iliyajua tayari: kubandika picha za waliopotea ukutani, kupanga foleni za kutoa damu isiyo na wa kuipokea.

Fidia ni habari ndefu na ya kuchosha. Sudan, iliyoshtakiwa kwa kuwapa hifadhi wahusika, ilikubali kulipa dola milioni 335, na fedha hizo zilitolewa mwaka 2021. Mgawanyo wake ulifuata sheria za Marekani, kwa raia wake na waliofanya kazi ubalozini. Msichana wa taipu wa Ufundi House hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Waliopona wamezeeka wakipeleka barua, na kila Agosti huonekana kwenye habari za saa moja kwa dakika mbili, wengine wakiongozwa mkono na watoto wao.

Wachache walipata namna nyingine ya kujibu. Douglas Sidialo, aliyepoteza macho yote mawili siku ile, alipanda Kilimanjaro mwaka 2005, kisha akawa mwendesha baiskeli za masafa marefu, akikaa nyuma kwenye baiskeli ya watu wawili. Wengi zaidi hawakupanda mlima wowote. Madaktari wa akili wakiongozwa na Dkt. Frank Njenga waliendesha mpango wa ushauri nasaha, na katika miezi mitatu ya kwanza waliwahoji Wakenya 2,883 walioguswa na mlipuko. Takriban 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe: usingizi uliokatika, woga wa majengo marefu, kushtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Kabla ya hapo mambo haya yaliitwa mawazo, na dawa yake ilikuwa kuambiwa umshukuru Mungu uko hai. Neno ushauri nasaha lilikuwa limezoeleka kwa wagonjwa wa ukimwi. Tangu mwaka ule karani wa benki naye aliweza kulitamka bila aibu nyingi.

Mahali pa ubalozi sasa ni bustani ya kumbukumbu, iliyofunguliwa mwaka 2001. Unalipa kiingilio kidogo, unaingia, unakuta nyasi, mabenchi, chemchemi na ukuta wenye majina. Jumba la Cooperative lilikarabatiwa na bado liko pale, kioo juu ya kioo. Saa saba mchana bustani hujaa watu wanaokula chakula cha mchana kutoka mikebeni, wapenzi, vijana wanaotafuta kazi ambao wametembea tangu asubuhi na wanahitaji pa kukaa kwa bei nafuu kuliko mkahawa. Wengi huupa ukuta mgongo, kwa kuwa kivuli kiko upande ule.

Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia jumba la maduka la Westgate, na watu 67 wakauawa. Tena walikuwapo waliokimbilia huko badala ya kukimbia: raia wenye bastola za leseni waliingia ndani na askari wachache kabla ya vikosi kujipanga, wakatoa watoto chini ya meza za mkahawa. Kamba za polisi ziliwazuia wengine, kwa haki kabisa. Hawa wakageuka, na siku zilizofuata wakaelekea Uhuru Park. Hema zilikuwa zimepigwa, vitanda vimepangwa, wauguzi wa huduma ya damu wana fomu na jokofu zao tayari. Foleni ilizunguka uwanja. Mwanafunzi wa miaka 18 aliyekunja mkono wa shati lake hapo alikuwa mtoto wa miaka mitatu bomu la Ufundi House lilipolipuka. Muuguzi alimfunga mpira juu ya kiwiko, akamwambia akunje ngumi.